Chuma Kisicho na Rangi

Kocha Dale Stroud alikuwa ameshampata mkosaji kabla Marisela Archuleta hajavuta kiti.

"Chumba 214," alisema, akigonga meza kwa kidole. "Msafishaji kaokota sindano kwenye pipa la taka la chumba 214. Sasa nani analala humo? Tess Oberle, binti wa mfugaji wa Nebraska, ambaye hata pasi ya kusafiria hana. Na Jerotich. Sina haja ya kusema zaidi."

"Sema zaidi," Marisela alisema.

"Dada, wewe ndiye mpelelezi. Kila wiki wanafungiwa wangapi kule kwao Kenya? Vipimo vya Tess vimetoka na EPO, ile dawa ya kuongeza damu, mwenzake wa chumbani katoka huko zinakouzwa. Mtoto kalishwa sumu kwenye chumba chake mwenyewe!"

Marisela alifungua daftari. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja, ishirini kati ya hiyo akiwa askari wa upelelezi Albuquerque, na mitatu ya mwisho akilitumikia shirika la kupambana na dawa za kuongeza nguvu michezoni. Aliendesha gari tangu alfajiri kufika Chuo cha Piedra Alta, kwenye uwanda wa juu ambako upepo wa Aprili ulikuwa ukirusha mchanga hadi kwenye vioo vya ofisi.

"Tangu Jerotich aje hapa amepimwa mara ngapi?" aliuliza.

"Sikumbuki."

"Kumi na moja. Zote safi. Na Tess?"

Kocha alipanga upya karatasi zake.

"Mara moja, Kocha. Hiyo hiyo iliyomnasa. Desemba alikuwa anakimbia mita elfu kumi kwa dakika thelathini na nne na nusu. Machi akakimbia kwa thelathini na mbili na sekunde hamsini, akamwacha Jerotich nyuma sekunde ishirini. Hukushangaa?"

"Nilifurahi. Watoto hukomaa."

"Dakika moja na sekunde arobaini kwa miezi mitatu?"

"Ana kocha mzuri," Stroud alisema, akaelekeza kidevu ukutani.

Hapo ilitundikwa picha kubwa kuliko dirisha: mwanamke kijana akivuka mstari, mikono juu, kinywa wazi. Corinne Haskell, bingwa wa vyuo vya taifa zima miaka kumi na miwili iliyopita. Rekodi yake ya chuo ilikuwa haijaguswa na mtu. Sasa alikuwa kocha msaidizi, na ndiye aliyewasimamia wasichana. Marisela alikuwa ameiona picha ile ile kwenye ngazi, kwenye mlango wa kantini, na kwenye vijitabu vya kambi ya Juni ya wasichana wa sekondari.

"Cory ndiye anayeniletea wachezaji," Stroud alisema. "Wanakuja hapa kwa sababu yake. Kwa hiyo maliza upesi, dada. Jumamosi tuna mashindano."

"Jerotich anakimbia Jumamosi?"

"Nimemsimamisha. Mpaka ajisafishe."

"Kwa kosa gani?"

"Nimekwambia. Sindano."

"Umeniambia chumba," Marisela alisema, akafunga daftari kwa nguvu kuliko alivyokusudia. "Kosa bado hujaniambia."

*

Naomi Jerotich alimfungulia mlango wa 214 bila salamu. Alikuwa msichana mrefu, mwaka wa tatu wa uhandisi wa barabara na madaraja, na michoro ya madaraja ilikuwa imetandazwa kitandani.

"Madam, pekua," alisema. "Kabati lile. Viatu viko chini. Ukitaka nivue soksi nitavua."

"Sijaja kukupekua."

"Basi utakuwa wa kwanza. Kocha Stroud alikuja Jumatatu ya wiki jana na watu wawili. Wakafungua friji, wakachukua picha ya maziwa yangu. Picha! Juzi naingia kantini, naketi na sahani yangu, wenzangu wanne wanainuka na sahani zao. Wanne. Mmoja wao nilimfundisha hesabu muhula mzima, bila mimi asingeona hata D."

Alifungua friji ndogo iliyokuwa kati ya vitanda viwili, akatoa chupa, akamimina maziwa mazito yenye chembechembe nyeusi kwenye kikombe. Akakisukuma mezani.

"Onja."

Marisela alionja. Yalikuwa machachu, na yalinuka moshi.

"Ni mursik. Hivyo vyeusi ni mkaa wa mti. Kocha aliandika kwenye ripoti yake 'kimiminika chenye vitu vyeusi visivyojulikana.' Mwambie aje anywe, visijulikane na tumboni mwake."

Marisela alicheka kabla hajajizuia. Jerotich hakucheka.

"Sindano si yako," Marisela alisema.

"Si yangu."

"Ni ya Tess?"

Jerotich alitazama kitanda cha pili. Juu yake palikuwa na picha ndogo ya Corinne Haskell, imeandikwa kwa kalamu: *Kwa Tess. Nakungoja mbele.*

"Sikuona. Kitu sijaona siwezi kusema. Mimi nimesemwa na watu ambao hawakuona, najua inavyouma."

Marisela alilipenda jibu hilo. Alivuta kiti.

"Basi niambie ulivyoviona. Mnapokwenda mazoezi ya milimani, nani anabeba dawa?"

"Hakuna dawa. Kuna maji, ndizi, bandeji. Kocha Cory ana kisanduku chake cha barafu, cha bluu, kwenye buti ya gari. Hicho hakiguswi. Ni insulini ya Pancho."

"Pancho nani?"

"Mbwa wake. Ana kisukari."

Marisela aliandika, kisha kalamu ikasimama. Insulini hutunzwa kwenye ubaridi. EPO nayo hutunzwa kwenye ubaridi, na ukiiacha juani siku nzima inakuwa maji ya bure.

"Huyo mbwa umewahi kumwona akidungwa?"

"Hapana. Na Krismasi nilikaa naye siku tano, Kocha alipokwenda kwao. Mimi sina nauli ya kwenda nyumbani Krismasi, kwa hiyo mbwa wote wa chuo hiki wananijua." Alisita. Paji la uso lilijikunja. "Ngoja, madam."

Alichukua simu yake, akatafuta ujumbe, akampa. Corinne Haskell alikuwa ameandika maagizo marefu: chakula vikombe viwili asubuhi na viwili jioni, kamba ya kutembezea iko jikoni, asiachwe karibu na paka wa jirani, Jumapili apewe donati yake ya sukari kama kawaida.

Marisela alisoma mara mbili. Mbwa mwenye kisukari hudungwa kila siku, asubuhi na jioni. Siku tano, sindano kumi. Hakuna hata moja iliyotajwa. Na donati juu.

"Alikuwa mgonjwa ulipomrudisha?"

"Mgonjwa? Pancho alinivuta mpaka nikaanguka kwenye theluji."

"Nitumie ujumbe huu. Usiufute, na usimwonyeshe mtu."

Jerotich alikuwa ameshaanza kuelewa, na uso wake ulikuwa umebadilika. Hasira yake haikupungua, ila sasa ilikuwa imepata pa kuelekea.

"Kocha Cory alikuja kunipa pole Jumanne," alisema taratibu. "Alinishika bega hapa. Akaniambia, 'Kama kuna kitu, Naomi, sema tu, tutakusaidia.' Nikamshukuru. Mimi, nikamshukuru!"

*

Zahanati ya chuo ilikuwa upande wa pili wa uwanja. Muuguzi Lorena Begay alifungua jalada la Tess, kwa idhini ambayo Tess mwenyewe alikuwa ameitia saini.

"Ndiyo, Oktoba madini yake ya chuma yalikuwa chini. Tulimpa vidonge."

"Sindano?"

"Sindano ya chuma hatuchomi hapa. Anayehitaji tunampeleka hospitali mjini, anatundikiwa dripu taratibu na anaangaliwa. Ni dawa ya kuheshimiwa ile."

"Una mfano wake?"

Muuguzi alikwenda kabatini, akarudi na kichupa kilichopitwa na muda ambacho alikitumia kufundishia wanafunzi. Marisela alikiinua kwenye mwanga wa dirisha. Alikitazama muda mrefu, kisha akaomba akiazime.

*

Tess Oberle alikuwa anamngoja kwenye chumba kidogo cha maktaba. Alikuwa na miaka kumi na tisa, nywele za rangi ya majani makavu zimebanwa nyuma, kucha zimeliwa mpaka nyama. Maelezo yake aliyatoa kwa mkupuo, kama aliyeyakariri.

"Sijatumia kitu chochote. Sijui imeingiaje. Labda chakula, labda nyama. Nimedungwa chuma tu kwa sababu nilikuwa na upungufu. Ni halali."

"Ni halali," Marisela alikubali. "Nani alikudunga?"

"Zahanati."

"Zahanati haidungi. Nimetoka huko."

Tess alitazama chini.

"Siwezi kusema."

"Sawa, usiseme. Niambie tu ulidungwa wapi."

Tess aliinua ukingo wa fulana kidogo, akaonyesha karibu na kitovu. "Hapa. Ni sindano ndogo sana. Haiumi."

"Mara ngapi kwa wiki?"

"Mara tatu. Halafu mbili."

"Dawa yenyewe ilikuwa rangi gani?"

"Rangi?" Tess alishangaa. "Haina rangi. Kama maji."

Marisela aliingiza mkono mfukoni, akaweka kichupa mezani. Kilichokuwa ndani kilikuwa cha kahawia nzito, karibu cheusi, kama maji yaliyolala kwenye bomba la kutu.

"Hiki ndicho chuma, Tess. Chote duniani kina rangi hii. Hakidungwi tumboni kwa kisindano, wala hakifanani na maji hata ukikichuja wiki nzima."

Tess alikitazama. Alinyoosha kidole akakigusa, akakirudisha kidole haraka. Kisha uso wake ulipanda wekundu kutoka shingoni, na alipozungumza sauti ilikuwa ya mtu mwingine.

"Aliniambia ni chuma. Jikoni kwake. Alinitengenezea chai. Nilikuwa nalia kwa sababu nilikuwa nimeshindwa tena, akaniambia na yeye alikuwa hivyo hivyo, damu yake ilikuwa na njaa, ndivyo alivyosema, *damu yako ina njaa*." Alipiga meza kwa ngumi, kichupa kikaruka. "Nikiwa na miaka kumi na miwili nilimwandikia barua! Barua ya karatasi! Akanijibu!"

"Corinne Haskell."

"Ndiyo! Cory! Nani mwingine?"

Marisela alisubiri mpaka pumzi yake ishuke.

"Uliamini ni chuma mpaka lini?"

Tess alikizungusha kichupa mezani.

"Mpaka Februari," Tess alisema. "Nilikuwa napanda mlima sihemi. Nikajua. Nikaamua nisijue."

"Na sindano ya kwenye pipa?"

"Alikwenda Texas kusajili wachezaji. Aliniachia mbili, nijidunge mwenyewe. Moja niliitupa uwanjani. Moja nilisahau, nikaitupa chumbani."

"Kwa hiyo Jumatatu Kocha Stroud alipoingia chumbani kwenu, ulijua."

Tess alijiuma ukucha.

"Ulijua ni yako. Na leo ni Jumatano ya pili. Siku tisa, Tess. Msichana anainukiwa na watu mezani, wewe unalala mita mbili kutoka kwake unamsikia akigeuka kitandani."

"Cory alisema itapita! Alisema Jerotich hawatampata na kitu kwa sababu hana kitu, kwa hiyo haumii mtu!"

"Haumii mtu," Marisela alirudia. Aliinuka, akaenda dirishani, kwa sababu alitaka kupiga kelele na kazi yake haikuruhusu. Aliporudi alisukuma karatasi na kalamu mbele ya msichana. "Utaandika haya yote. Utafungiwa, sikufichi, miaka minne, huenda ikapungua kwa kusema ukweli. Nafasi yako ya masomo hapa itakwenda. Na jambo la chumba 214 utamwambia Jerotich mwenyewe kabla hajalisoma kwenye ripoti yangu."

Tess alishika kalamu. Aliandika kurasa nne.

*

Corinne Haskell alikuwa uwanjani na saa mkononi. Wasichana saba walikuwa wanamaliza mzunguko, vumbi jekundu likiwafuata. Hakuwa amebadilika sana tangu siku ya ile picha: mwembamba, wima, mwenye sauti iliyofika mbali bila kupigwa.

"Mama mpelelezi!" alisema kwa uchangamfu. "Karibu. Tumebakiza raundi mbili."

"Pancho hajambo?"

Tabasamu lilibaki, ila macho yalihama. "Nani kakuambia habari za Pancho?"

"Nasikia ana kisukari. Daktari wake wa mifugo ni nani?"

"Hilo linahusiana vipi na—"

"Krismasi ulimwachia Jerotich siku tano. Umemwandikia hadi habari za paka wa jirani. Insulini hukuitaja. Ila donati uliitaja."

Wasichana walikuwa wamefika, wanahema, mikono viunoni. Haskell alishusha sauti.

"Tuongee ofisini."

"Nifungulie buti ya gari yako. Mkataba wako na chuo unanipa haki ya kukagua, na yule pale ni askari wa chuo, ameusoma. Ukikataa naandika umekataa, na hiyo nayo ni kosa."

"Unajua wewe ni nani?" Haskell alisema, na uchangamfu wote ulikuwa umekatika. "Wewe ni mzee mwenye magoti mabovu ambaye hakuwahi kushinda kitu. Unakuja kwenye maisha ya watu, unawachafua, unaondoka. Mimi nimewajenga hawa. Muulize yeyote hapa."

"Nimeshamuuliza Tess. Nimemuuliza rangi ya chuma."

Msichana mmoja katika wale saba, mfupi mwenye kofia, aliweka kiganja tumboni karibu na kitovu, akakiacha pale. Marisela alimwona. Haskell naye alimwona.

"Kocha?" msichana yule alisema. "Ile yangu ilikuwa kama maji."

Kisha mwingine akasema, "Hata yangu," na akaanza kurudi nyuma, hatua kwa hatua, kana kwamba ardhi mbele yake imekatika.

"Nilikuwa nawalinda!" Haskell alifoka. "Mnadhani wenzenu wa vyuo vingine wanakula mboga tu? Mlikuja hapa mnataka kukimbia kama mimi. Haya, hivi ndivyo mimi nilivyokimbia! Mlitaka nini, hadithi?"

Alijisikia akikiri, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Askari wa chuo alikuwa amefika, na wasichana saba walikuwa wamesikia.

"Nani alikupa?" Marisela aliuliza.

Haskell alitoa funguo mfukoni, akazitupa majanini. Aligeuka akatazama dirisha la ghorofa ya pili, ambako Kocha Stroud alikuwa amesimama na kikombe cha kahawa.

"Nilinunua mwenyewe. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, nikashusha dakika mbili kwa msimu mmoja wa baridi. Yeye alinikumbatia. Miaka kumi na miwili, hajaniuliza hata siku moja. Muulize kwa nini hakuuliza."

Kisanduku cha bluu kilikuwa na sindano tisa, kila moja imefungwa utepe wenye herufi mbili za mwanzo wa majina. Marisela alizipiga picha, akazihesabu mbele ya askari, akazitia kwenye mfuko na kuandika namba. Nane alizitambua kwenye orodha ya timu. Ya tisa hakuitambua, mpaka msichana mwenye kofia alipomwambia kwa sauti isiyosikika vizuri: ni ya yule wa sekondari, aliyekuja kutembelea wiki jana, ana miaka kumi na sita.

Marisela alipanda ngazi kwa Stroud, magoti yakimuuma kila hatua. Hakugonga.

"Jerotich anakimbia Jumamosi," alisema mlangoni. "Na leo, kwenye chakula cha jioni, utasimama kantini umwombe radhi mbele ya waliokuwepo. Kisha wewe na mimi tutakaa, unieleze dakika moja na sekunde arobaini zilivyokupita machoni. Nina muda. Nimechukua chumba cha hoteli wiki nzima."

"Mimi sikujua kitu," Stroud alisema.

"Naandika hivyo hivyo," alijibu. "Hukujua kitu. Miaka kumi na miwili."

*

Marisela alipokwenda 214 kuchukua saini ya mwisho ya Tess, mlango ulikuwa wazi. Tess alikuwa anajaza vitu kwenye sanduku la kadibodi. Mwanatimu tu ndiye aliyeruhusiwa kulala kwenye jengo lile, na barua ya kumtoa ilikuwa imeshafika. Baba yake alikuwa ameanza safari kutoka Nebraska.

Jerotich alikaa kitandani kwake, mgongo ukutani, mikono imekunjwa. Ilionekana ameshaambiwa.

"Sema tena," alikuwa anasema. "Sema yote, usiruke."

"Nilijua ni yangu," Tess alisema, sauti imekauka. "Nilikusikia unalia bafuni Alhamisi. Nikajifanya nimelala."

"Na asubuhi?"

"Asubuhi nikakuomba sabuni."

"Nikakupa."

"Ukanipa."

Jerotich alitikisa kichwa polepole.

"Mimi mama yangu ameuza shamba la chai nipate nauli ya kuja hapa. Kama ningerudishwa kwa ile sindano yako, ningemwambia nini? Na angeniamini? Dunia nzima ingesema, si ni Mkenya? Wewe ulijua hilo. Ndiyo maana ulinyamaza. Ulijua wataliamini."

"Ndiyo," Tess alisema. Hakujitetea. "Naomba unisamehe, Naomi."

"Hapana."

Tess aliitikia kwa kichwa. Aliinama kubeba sanduku, likamshinda. Vitabu vilikuwa vimejaa chini, na kadibodi ilianza kuchanika pembeni. Alijaribu tena. Marisela alisogea, lakini Jerotich alikuwa ameshashuka kitandani. Aliingiza mikono chini ya sanduku upande uliochanika, akaliinua.

"Asante," Tess alisema.

"Usinishukuru. Sijakusamehe. Shika upande wako, tuko ghorofa ya pili na mimi nina mazoezi."

Wakatoka hivyo, mmoja akirudi kinyumenyume na mwingine akimwelekeza, kulia, kulia tena, angalia ngazi, bila kutazamana usoni mpaka chini.